Wanawake nao wana misuli, tuandikieni na sisi

Kwako Mhariri,

Assalaam aleikum. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, gazeti huletwa dukani na jirani yangu akishamaliza kulisoma, na ukurasa ninaouanza mimi ni ule wa afya. Leo nimeamua kuandika manake kuna jambo limenikaa rohoni. Kila mkiandika habari za kujenga misuli, picha ni ya kijana wa kiume amevua shati ameshika dambeli, na kila mkituandikia sisi wanawake basi ni kupunguza tumbo, kupunguza kilo, maji ya ndimu na tangawizi, kula kidogo, kutembea asubuhi. Kupunguza tu. Sijasoma hata siku moja mwanamke akiambiwa aongeze nguvu. Na mimi nasema mwanamke wa miaka arobaini, hamsini, sitini hapa Mombasa anahitaji misuli kuliko huyo kijana wa kwenye picha, na hana haja ya jimu wala mashine, anaweza kuijenga chumbani kwake mlango umefungwa akiwa na mtungi wa maji wa plastiki na leso mbili.

Kazi yangu ni cherehani, niko Kisauni, na fundi wa nguo hushinda akipima miili ya watu. Namwambia mteja inua mikono nikupime, mkono unafika usawa wa sikio unakwama. Nina kigoda kifupi cha wateja, na akina mama wengi wakitaka kuinuka pale lazima washike meza yangu au wanipe mkono niwavute, na sisemi vikongwe, nasema mtu wa miaka 45 ambaye bado ana mtoto darasa la nne. Gauni naliachia kiunoni kila mwaka lakini paja na mkono wa juu vinanywea. Yaani mwili unaongezeka huku nguvu inapungua, vyote kwa pamoja, na mtu mwenyewe akijiangalia kwenye kioo anaona unene tu, anaenda kujinyima chakula, na hapo ndo anazidi kuimaliza ile misuli kidogo aliyobaki nayo.

Na hii ina sababu yake. Ukishapita miaka 30 misuli huanza kupungua polepole, wataalamu hukadiria kati ya asilimia 3 na 8 kila miaka kumi, na ukivuka 60 inakwenda mbio zaidi. Kwa sisi wanawake kuna la ziada, hedhi ikikatika homoni ya estrojeni hushuka na mifupa nayo inaanza kuwa myepesi, ndo mana unasikia mama fulani kateleza bafuni tu kavunjika nyonga. Misuli ikiuvuta mfupa mara kwa mara mfupa nao hukaza. Halafu kuna sukari, na misuli ndo inayomeza sehemu kubwa ya sukari inayoingia kwenye damu baada ya kula, kwa hivo ikiwa michache na imelala, hiyo sukari itakwenda wapi? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2020 likasema kila mtu mzima, mke kwa mume, afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku 2 kwa wiki, tena juu ya zile dakika 150 za kila wiki za kutembea kwa kasi au mfano wake. Watu wameshika la kutembea peke yake. Kwenda kutembea ufukweni Mama Ngina jioni na raba ni jambo zuri na mimi naenda, lakini kutembea hakutii nguvu mkono wala mgongo.

Nikiyasema haya dukani jibu la kwanza huwa ni lile lile, “Kwani mimi sifanyi kazi? Nafua, napika, nabeba maji, nakuna nazi, mazoezi gani tena?” Na ni kweli dada zangu kazi mnafanya, hakuna anayekataa. Lakini sikilizeni. Mwili hujenga misuli pale unapopewa kazi unayokaribia kuishindwa, ukishaizoea unaacha kujenga. Mtungi unaoutoa kwenye mkokoteni wa maji mpaka jikoni ni ule ule wa lita 20, njia ile ile, mwaka huu na mwaka jana na mwaka juzi, mwili ushajua nguvu ngapi zinatosha na hauna sababu ya kuongeza hata kidogo. Tena huwa unaubeba na mkono ule ule mmoja, umejipinda upande. Kazi ya nyumbani inakuchosha lakini haikujengi, na hii tofauti ya kuchoka na kujengeka ndo kitu ninachotaka watu wakielewe. Utaamka saa kumi alfajiri ulale saa tano usiku umechoka hoi, na misuli bado inapungua.

Jibu la pili, “nitakuwa kama mwanaume.” Haiwi. Testosteroni, ile homoni inayomjaza mwanaume kifua na mabega, yeye anayo kama mara 15 kuliko wewe. Hata hao wanaume wenyewe wanahangaika miaka kujaza mikono, sembuse wewe na mtungi wako mara tatu kwa wiki. Utakachopata ni mkono uliokaza na mgongo ulionyooka, na gauni litakukaa vizuri, hilo nakuhakikishia mimi kama fundi.

La tatu ndo lenye uzito, mahali. Jimu nyingi huku ni za mchanganyiko, wanaume wanaangalia, kuna nauli, kuna ada ya mwezi, kuna watoto wanatoka shule, na mwenye kujisitiri hataki kufanya tizi mbele za watu. Kwa hivo tuanzie nyumbani na nyumbani panatosha, kwa mtu anayeanza panatosha kabisa, na sio mwanamke tu, hata mwanaume ambaye hajawahi kushika chuma maisha yake.

Sasa niseme vile tunavyofanya mimi na majirani zangu. Mtungi kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivo mtungi wa lita 20 ni dambeli ya kilo yoyote utakayo, leo kilo 5 wiki ijayo 6, na dambeli ya kawaida ya dukani haibadiliki uzito hivo. Chukua chupa ya lita moja, mimina maji ukihesabu, na kila lita mbili chora mstari nje ya mtungi. Mimi nimechora kwa rangi ya kucha manake haifutiki na maji. Mkono wa mtungi hukata vidole ukishakuwa mzito, ufungie kitambaa, vipande vya khanga vilivyobaki mezani kwa fundi yeyote vinafaa. Na ukitaka uzito zaidi ya maji, weka mchanga mkavu, lita moja ya mchanga inapita kilo moja na nusu, lakini hiyo ni ya mbele huko usianze nayo.

Miguu ndo pa kuanzia. Kiti cha mezani kiegemeze ukutani kisiteleze, simama mbele yake, panua miguu sawa na mabega, shuka polepole ukihesabu moja mbili tatu mpaka uguse kiti, usijibwage, halafu inuka bila kushika chochote. Ukiweza mara 15 bila taabu basi kiti kishamaliza kazi yake, hamia kigoda kifupi. Kigoda kikiwa chepesi kumbatia kifuani galoni ya lita 5. Na hiyo ikizoeleka weka mguu mmoja nyuma juu ya kiti ushuke na mguu wa mbele peke yake, hapo hata yule kijana wa kwenye picha yenu atatokwa jasho bila chuma chochote.

Kuinua mtungi kutoka chini ni somo lake, na hili naliomba mlisome mara mbili kwa sababu migongo mingi huumia hapa. Mtungi uwe katikati ya miguu karibu na wewe, magoti yalegee kidogo, sasa sukuma makalio nyuma kama mtu anayefunga mlango kwa makalio mikono imejaa vyombo, mgongo ubaki umenyooka, shika, halafu simama kwa kusukuma sakafu na miguu. Uzito uusikie nyuma ya mapaja na kwenye makalio. Ukiusikia kiunoni peke yake punguza maji uanze upya. Tulivyozoea kuinama tukifua, mgongo umepinda na magoti yamekazwa, sivyo kabisa. Ukishaujua huu mtindo basi hata ule mtungi wa kila siku utaubeba vizuri.

Pushapu, kule kujishusha na kujisukuma kwa mikono, watu huziogopa kwa sababu wanaanzia sakafuni. Anzia ukutani. Ukuta ukizoeleka shika slebu ya jikoni, halafu ukingo wa kitanda, halafu kiti kilichoegemezwa ukuta, ndo ufike chini. Kadiri mikono inavyoshuka ndo unavyobeba sehemu kubwa zaidi ya mwili wako, ile ya sakafuni kabisa unabeba karibu thuluthi mbili ya uzito wako wote, kwa hivo sio aibu ikikushinda mwezi wa kwanza.

Kuvuta sasa, na hii ndo wengi husahau, na ndo dawa ya sisi tunaoinamia cherehani na wale wanaoinamia simu. Chukua leso mbili nzima zisizochakaa, ziweke pamoja uzisokote ziwe kamba nene, zipitishe nyuma ya nondo za dirisha, shika ncha mbili. Sogeza miguu karibu na ukuta, lala nyuma mwili ukiwa umenyooka mpaka mikono inyooke, halafu jivute mpaka ngumi zifike mbavuni, mabega yarudi nyuma. Kadiri unavyosogeza miguu mbele ndo inavyokuwa nzito. Lakini kabla ya yote zitikise zile nondo kwa nguvu, huku kwetu chuma huliwa na kutu haraka kwa hii hewa ya chumvi, dirisha la nyumba ya zamani linaweza kung’oka na ukaanguka na kisogo. Kama huna imani nalo liache, inama umeshika kiti kwa mkono mmoja na mwingine uvute mtungi kuelekea kiunoni, kazi ni ile ile.

Ya mabega, inua chupa mbili za maji juu ya kichwa. Vigimbi vya miguu, simama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, uwe unapanda na kushuka. Hayo hayana mengi.

Sasa kufanya kiasi gani. Kila zoezi seti 2 au 3, yaani mizunguko, katikati pumzika dakika 2, wiki nzima siku 2 au 3 zisizofuatana. Na seti imalizikie wapi? Pale ambapo umebakisha mara mbili tatu tu ushindwe. Kama ungeweza kuendelea mara kumi zaidi, hiyo ilikuwa ni kujipasha moto. Hili limepimwa na watafiti, uzito mdogo unaoinuliwa mara 25 au 30 na uzito mkubwa unaoinuliwa mara 8 hujenga misuli karibu sawa sawa, mradi zote mbili zikufikishe karibu na kushindwa. Ndo mana mtungi unatosha. Asiye na mzigo mzito aongeze mara, au ashuke polepole zaidi, asikose tu kile kiwango cha kukaribia kushindwa. Na weka daftari. Leo skwati, yaani lile zoezi la kushuka na kuinuka kitini, 10 na lita 6, keshokutwa 11, wiki ijayo 12, ukifika 15 ongeza lita ushuke tena mpaka 10. Bila daftari utafanya yale yale kila siku na utarudi kwenye hadithi ya mkokoteni wa maji.

Misuli haionekani upesi, hapa nataka niwe mkweli. Zile wiki za mwanzo nguvu zinapanda haraka lakini ni neva zinajifunza kuiamrisha misuli uliyonayo, misuli yenyewe kuonekana ni miezi miwili mitatu. Msijipime kwa mizani, mizani haijui nyama wala mafuta. Pimeni kwa tepu, kiuno, paja, mkono wa juu, au pimeni kwa kigoda, leo naamka nimeshika meza, baada ya muda naamka mikono kifuani. Kuumwa na misuli siku ya pili na ya tatu ni kawaida kwa anayeanza, lakini maumivu makali ya kuchoma kwenye goti au bega sio kawaida, acha. Mwenye presha asizuie pumzi wakati wa kuinua, atoe pumzi akipanda, na amuone daktari kwanza, pia mjamzito na mwenye ugonjwa wa moyo. Na msimu wa kaskazi jua likiwaka chumba ni tanuri, fanyeni baada ya alfajiri au baada ya isha. Ramadhani, baada ya tarawehe.

Chakula. Hapa Mhariri niruhusu niseme kitu ambacho kinanichoma. Nyumba nyingi huku mama ndo anayepika na ndo wa mwisho kula. Kipande kikubwa cha nguru ni cha baba, watoto wagawiwe, mama anamalizia mchuzi na wali, au chai na mkate, na anasema ameshiba. Miaka ishirini hivo. Halafu tunashangaa ana miaka hamsini hana nguvu ya kuinuka. Misuli hujengwa na protini na anayefanya mazoezi anahitaji kati ya gramu 1.2 na 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, mwenye kilo 60 hiyo ni gramu 72 mpaka 96. Yai moja lina kama gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyoiva 15, na kipande cha samaki cha gramu mia moja kinafika 20. Ukijumlisha chai na mkate haufiki popote. Sisemi mnunue makopo ya unga yale ya bei, sisemi mle nyama kila siku, nasema mama naye ajipakulie samaki wake. Tena asubuhi yetu ya mahamri na mbaazi ina uzuri wake, ila tumeigeuza, mahamri manne na mbaazi vijiko viwili. Mbaazi ziwe ndo sahani, mahamri mawili ya kuchovya. Weka ndengu, kunde, dagaa, pweza akipatikana kwa bei nzuri. Mwenye ugonjwa wa figo tu ndo aulize daktari kabla ya kuongeza protini. Na usingizi, misuli inajengwa ukipumzika na kulala, sio wakati unainua.

Na kwa vile akina mama ndo wasomaji wa ukurasa huu, niwaombe pia mwangalie vijana wenu wa kiume. Anayeanza tizi akiona miezi miwili hajajaza, kuna watu watamuuzia sindano na vidonge vya homoni. Hizo huharibu moyo na ini, hupunguza mbegu za uzazi, na msichana akizitumia sauti huwa nzito na huenda isirudi tena. Kijana mpeni mayai na daftari.

Mhariri, ombi langu ni hili. Tengeni nafasi kwenye ukurasa wenu, hata mara moja kwa wiki, ya mazoezi ya nguvu kwa mtu mwenye chumba kimoja na hana vifaa, muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, wa hospitali yoyote awasahihishe, na picha ziwe za wanawake wa rika letu. Msituwekee mwanamke wa ng’ambo kwenye jimu ya vioo. Kama hamna picha kama hizo tumeni mpiga picha wa kike, sisi ploti yetu tunafanya Jumamosi na Jumanne baada ya alasiri, ukumbini, mlango tunafunga, madera tunakunja, na yeyote anayetaka kujiunga aje na mtungi wake.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi cherehani, Kisauni, Mombasa